Vitabu vya picha vya Kihispania kuhusu milango mitano ya fahamu: nichague vipi kwa mtoto wa miaka minne?

mama_zuwena

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa wanaojua vitabu vya watoto vya Kihispania. Binti yangu ana miaka minne, anaingia shule ya awali ya lugha mbili huku Texas, Kihispania na Kiingereza. Nyumbani tunaongea Kiswahili. Mada ya mwanzo wa muhula ni "los cinco sentidos", na wazazi tumeombwa tusome na watoto nyumbani. Kihispania changu mimi ni cha kusoma maandishi tu, kuongea bado.

Vitabu ni vingi hadi vinachanganya. Vipo vya Hispania, vya Meksiko, vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza, vya lugha mbili ukurasa mmoja, vya kukwaruza unuse, vyenye vitufe vya sauti. Nichunguze nini kabla ya kununua? Nianze na mlango upi wa fahamu? Na mtoto anayetoka kwenye Kiswahili atakwama wapi? Bajeti ni vitabu vitatu au vinne, basi.

karani_wa_vitabu

Karibu dada. Kabla hujavutiwa na picha, geuza kitabu usome jalada la nyuma na ukurasa wa haki miliki. Mengi yamo humo.

Anza na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu. Tarakimu zinazofuata 978 zinaonyesha kitabu kimesajiliwa wapi: 84 ni Hispania, 607, 968 na 970 ni Meksiko, 950 na 987 Argentina, 956 Chile, 958 Kolombia. Ukiona 0 au 1, mchapishaji yuko kwenye nchi za Kiingereza, na mara nyingi kilichomo ni tafsiri. Tafuta maneno "título original" (jina la asili) uhakikishe. Vitabu vya kabla ya 2007 vina ISBN ya tarakimu kumi isiyo na 978, kwa hiyo hapo unasoma tarakimu za mwanzo moja kwa moja.

Kwa nini ujisumbue na hilo? Kwa sababu Kihispania utakachokikuta Texas kwa kawaida kina asili ya Meksiko. Kitabu cha Hispania kitamwambia mtoto "coge la naranja", yaani shika chungwa. Hispania hilo ni neno la kila siku. Meksiko na Argentina ni tusi, na mtoto atalipeleka darasani bila kujua. Kule wanasema "agarra" au "toma". Tena Hispania wakiwaamuru watoto wengi kitenzi kinaishia na -d: "tocad" (guseni), "oled" (nuseni), "mirad" (tazameni). Amerika yote utasikia "toquen", "huelan", "miren". Kitabu chenye amri za -d si kibaya, ila kila ukurasa utakuwa unabadilisha kichwani.

Halafu kuna neno "cartoné", ambalo limewaliza wengi wanaoagiza mtandaoni. Katika biashara ya vitabu "cartoné" ni jalada gumu tu, kurasa za ndani ni karatasi ya kawaida. Ukitaka kurasa nene kama za watoto wachanga, maelezo yaseme "libro de cartón" au "páginas de cartón". "Cantos redondeados" ni pembe za mviringo. "Rústica" au "tapa blanda" ni jalada laini. Kwa miaka minne karatasi ya kawaida inatosha, isipokuwa kitabu cha vifuniko vya kufunua ("solapas"). Hicho kiwe cha kadibodi, maana kifuniko cha karatasi huchanika kwenye mkunjo kabla mwezi haujaisha.

Angalia pia aina ya herufi. Vitabu vingi vya Hispania vya miaka 3 hadi 6 huchapwa kwa herufi kubwa tupu ("mayúsculas") au kwa mwandiko wa kuunganisha ("letra ligada"), kwa kuwa shule za kule huanzia huko. Marekani watoto huanza na herufi za chapa, "letra de imprenta". Mwandiko wa kuunganisha utakupa tabu hata wewe msomaji mkubwa, hasa r na s. Duka likiandika "letra ligada" kwenye maelezo, pita.

Vya lugha mbili ukurasa mmoja sivipendi. Jicho la mzazi linakimbilia Kiingereza na Kihispania kinabaki pambo. Ukikipata bure maktaba, funika mistari ya Kiingereza kwa vikaratasi vya kubandika na kubandua, ukwame kidogo mwenyewe, ndipo ufunue.

Kwa majina: mchapishaji Parramón wa Barcelona ana mfululizo wa vitabu vitano, kimoja kwa kila mlango: La vista (kuona), El oído (kusikia), El olfato (kunusa), El gusto (kuonja), El tacto (kugusa). Barron's walivitoa Marekani miaka ya 1980 kwa Kihispania na kwa Kiingereza pia, kwa hiyo maktaba na maduka ya mitumba huwa navyo. Kwa bei ya vitumba unaweza kuvipata vyote bila kuvunja bajeti. Kingine ni El libro negro de los colores cha Menena Cottin na Rosana Faría, kilichotolewa Meksiko na Tecolote mwaka 2006. Kurasa zote ni nyeusi, picha zimeinuliwa kidogo za kupapaswa, maandishi ni meupe na yana Breli, nukta za kusomwa na wasioona. Rangi zinaelezwa kwa ladha, harufu, sauti na mguso. Hicho si cha kufundishia msamiati wa mwanzo, kiwe cha mwisho, mtoto akishazoea maneno.

mwalimu_kijiti

Karani kamaliza ya jalada, mimi niingie ndani.

Dada, fungua ukurasa wowote uangalie kama kitabu kinaenda kwa vitenzi au kwa majina ya dhana. "La vista, el oído, el olfato, el gusto, el tacto" ni maneno ya kwenye bango la ukutani. Mtoto wa miaka minne anahitaji veo, oigo, huelo, pruebo, toco (naona, nasikia, nanusa, naonja, nagusa). Kitabu kizuri kina sentensi ya umbo moja inayorudi ukurasa baada ya ukurasa: "Con la nariz huelo el pan." "Con las manos toco la arena." Kitabu kinachofungua na "El olfato nos permite percibir los olores" kirudishe kwenye rafu, hata picha ziwe nzuri vipi. Ukurasa mmoja usizidi sentensi mbili.

Oír (kusikia) na oler (kunusa) ni vitenzi vikorofi: oigo, oyes, oye, oímos, oyen, huelo, hueles, huele, olemos, huelen. Usimfundishe jedwali. Msemee huelo na huele peke yake kama vipande vizima, mengine yatakuja yenyewe. Kitabu kinachotumia "nosotros olemos" kila ukurasa kitamchelewesha, kwani umbo hilo halifanani na mengine.

Sasa pa kukwama kwa Mswahili. Sisi tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi na njaa, vyote kwa kitenzi kimoja. Kwa hiyo mtoto atasema "oigo el café" akimaanisha harufu yake. Usimkatize kwa hapana. Gusa pua yako, rudia "huelo el café", endelea. Ishara ya kidole kwenye pua, sikio, ulimi au kiganja, ikifanywa kila mara kabla ya kitenzi, hukamilisha kazi haraka kuliko maelezo.

Kosa la pili ni kuangusha herufi "a". Kitu kikitoa harufu ya kahawa, "huele a café". Kikiwa na ladha ya limau, "sabe a limón". Ukiondoa hiyo "a", "huele café" inakuwa yeye ananusa kahawa, na "sabe" pekee ni anajua. Maswali ya kuuliza wakati wa kusoma yana "a" hiyo pia: "¿A qué huele?" (kina harufu gani?), "¿A qué sabe?" (kina ladha gani?) Kwa sauti ni "¿Qué oyes?" (unasikia nini?) na kwa mguso "¿Cómo es?" (kikoje?) Haya manne yanakutosha muhula mzima.

Matamshi mengi kwetu ni mteremko. H haitamkwi: huele soma "wele". Ñ ni ny yetu, piña ni "pinya". J ya ojo (jicho) na oreja (sikio) ni kh ya Kheri, isiwe j ya jiko. V na b zinasikika sawa, vista huanza kama "bista". Z ya nariz (pua), sehemu kubwa ya Hispania wanaitoa kama th ya thelathini, Meksiko na Amerika ni s tu. Wewe chukua s. Kazi iko kwenye rr ya perro (mbwa), ambayo lazima itetemeke, la sivyo inakuwa "pero", yaani lakini.

Laini yetu nayo huzaa maneno mawili. "Suave" ni laini kwa kupapasa, "blando" ni laini kwa kubonyeza. Mahameli ni suave, sifongo ni blanda, pamba ni vyote viwili, jiwe la mtoni ni suave lakini dura. Ndiyo maana ukurasa wa el tacto unahitaji kitu cha kugusa mkononi, picha peke yake haiwezi kuonyesha tofauti hiyo.

Na "oreja" ni sikio la nje unaloshika, "oído" ni la ndani na pia uwezo wa kusikia. Vitabu vingine huandika "las orejas sirven para oír", vingine "los oídos". Vyote utavikuta. Ukichora mwili, andika oreja.

Kuhusu mpangilio, mimi ningeanza na el tacto, kisha el olfato, el gusto, el oído, na la vista mwisho. Kila kitabu cha picha tayari ni kitabu cha macho, kwa hiyo la vista haina mvuto mpya. Ukifika huko cheza mchezo wao wa kale, unaanza wewe: "Veo, veo" (naona, naona). Mtoto anajibu "¿Qué ves?" (unaona nini?) Wewe: "Una cosita" (kitu kidogo). Yeye: "¿Y qué cosita es?" (ni kitu gani hicho?) Wakubwa hutaja herufi ya kwanza, kwa asiyejua kusoma taja rangi, "es de color rojo".

Siku moja mlango mmoja, dakika kumi, kitabu kilekile mara mbili. Ya kwanza unasoma mwenyewe huku ukionyesha kwa kidole, ya pili unaacha pengo mwisho wa sentensi ajaze.

mama_zuwena

Asanteni sana, kumbe niliyoyaona "cartoné" yote si ya kadibodi! Nina mawili zaidi. Kitabu kimoja nilichokiona kina mchoro wa ulimi uliogawanywa rangi nne, utamu mbele, uchungu nyuma. Ni sahihi? Na hivi vya kukwaruza unuse na vya vitufe, vina faida au ni mbwembwe?

tabibu_wa_ladha

Huo mchoro wa ulimi ni kosa la miaka mingi. Mwaka 1901 Mjerumani D. P. Hänig alipima kingo za ulimi na kukuta tofauti ndogo za wepesi wa kuhisi ladha. Mwaka 1942 Edwin Boring wa Marekani alizichora kwa namna iliyowafanya wasomaji wadhani kila eneo lina ladha yake tu. Mwaka 1974 Virginia Collings alipima upya, na tofauti hizo zikaonekana ni ndogo mno. Kila sehemu ya ulimi yenye vionjio huhisi ladha zote. Weka chumvi kidogo kwenye ncha ya ulimi, penye "utamu", utaihisi palepale. Usikitupe kitabu kwa ajili ya hilo, bandika karatasi juu ya mchoro.

Vitabu vingi vya Kihispania vina ladha nne: dulce (tamu), salado (ya chumvi), ácido (chachu), amargo (chungu). Ya tano ni umami, iliyotambuliwa na Mjapani Kikunae Ikeda mwaka 1908. Ukitaka mfano, supu ya nyama au nyanya iliyoiva sana. Kwa miaka minne ladha nne zinatosha. Vitabu vya Meksiko huweka na "picante" pamoja nazo, kwa kuwa pilipili kule iko hadi kwenye pipi. Pilipili si ladha, ni mishipa ya fahamu inayopokea joto na maumivu. Lakini mtoto anahitaji neno hilo kwa usalama wake mezani, kwa hiyo mwache alijue. Angalia tu asichanganye: picante ni kali ya pilipili, caliente ni ya moto. Ukakasi wa ndizi mbichi nao uko upande wa mguso kuliko ladha.

Kwenye ukurasa wa el gusto jihadhari na limón. Meksiko kwa kawaida ni lile dogo la kijani, sawa na ndimu yetu. Hispania ni la njano, na la kijani huitwa lima. Kwa mtoto wako la Meksiko litakuwa limezoeleka zaidi. Vya kuonja viwe vidogo, kipande cha ukucha wa kidole gumba: ndizi kwa dulce, jibini kwa salado, ndimu kwa ácido, kakao isiyo na sukari kwa amargo. Amargo iwe ya mwisho, ukianza nayo hataonja kingine. Karanga na njugu zozote ziache kabisa kama kuna watoto wageni, na kwa aliye chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku.

Vya kukwaruza unuse ("rasca y huele") hufanya kazi kwa vifuko vidogo mno vya mafuta ya harufu vinavyopasuka ukivisugua. Sugua kwa ncha ya kidole taratibu. Ukucha huchuna safu nzima na ukurasa unakufa siku ya kwanza. Vitabu vizito juu yake vinapasua vifuko bila wewe kujua, kwa hiyo kihifadhi kimesimama. Cha mitumba cha aina hii usinunue. Harufu zenyewe ni za kiwandani, "fresa" (stroberi) yao inanukia pipi. Pua pia huzoea haraka, harufu tatu kwa kikao zinatosha. Kati ya moja na nyingine anuse kiwiko cha nguo yake. Mbegu za kahawa wanazokupa wauza manukato hazina kazi ya ziada hapo.

Vitufe: angalia kasha la betri. Lazima lifungwe kwa skrubu. Betri ya kitufe ikimezwa na kukwama kooni inaanza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Kasha la kufungua kwa ukucha, kiache dukani. Na ukiona onyo "No conviene para menores de 36 meses" (hakifai kwa walio chini ya miezi 36), mara nyingi sababu ni vipande vidogo. Kama nyumbani kuna mdogo wake, kiweke juu.

fundi_gundi

Mama Zuwena, kwa el tacto na el olfato tengeneza chako mwenyewe. Cha dukani huwa na kiraka cha nguo cha ukubwa wa sarafu, kidole kimoja ndicho kinagusa. Mtoto anatakiwa aweke kiganja.

Kadibodi ngumu ya milimita 2, kata vipande 20 kwa 15, viwili kwa kila ukurasa. Kipande cha kwanza ni msingi. Cha pili ni fremu: toboa dirisha la sentimita 9 kwa 9 katikati. Nguo au kitu cha kugusa ukikate sentimita 11 kwa 11, kikae katikati ya msingi na fremu, kingo zake zifichwe sentimita moja kila upande. Faida ni mbili. Mtoto hapati ukingo wa kuchokonoa, na fremu inasawazisha unene. Wanaobandika kitu juu ya karatasi bila fremu huishia na kitabu kilichofura upande mmoja, hakifungi, na uti unapasuka. Sifongo ya milimita 5 iwekee fremu mbili.

Gundi nyeupe ya mbao ipake kwenye kadibodi, kamwe usiipake kwenye nguo. Ipake nyembamba, subiri dakika mbili tatu ianze kunata, ndipo ulaze nguo na kuweka uzito usiku kucha. Gundi nyingi hupenya nyuzi na mahameli yanakauka kama ngozi ya ng'ombe, ukurasa wa "suave" unakuwa "áspero" (wenye kukwaruza). Gundi ya unga usitumie, penye unyevu inaota kuvu.

Vya kuweka: msasa namba 120 (wa 60 unachubua na kumwaga mchanga, wa 220 mtoto hausikii tofauti na karatasi), flaneli badala ya pamba inayonyofoka, sifongo, gunia la katani, karatasi ya alumini iliyokunjwakunjwa kisha kunyooshwa, na kadibodi ya mawimbi. Hiyo ya mwisho lowanisha safu ya juu kwa kitambaa, ivue, mawimbi yatabaki wazi. Acha ikauke kabla ya kubandika.

Usishone uti. Toboa matundu mawili, sentimita 1.2 kutoka ukingo, tia pete za kufunguka za kipenyo cha sentimita 4. Ukurasa ukichakaa unaubadilisha peke yake.

Harufu: kijiko kimoja cha chai cha kiungo ndani ya mfuko wa chujio la kahawa, shona mdomo, weka chini ya dirisha na juu yake kipande cha chandarua. Mdalasini, mnanaa mkavu, kahawa. Karafuu nzima usiweke kwenye kitabu kimoja na vingine, inameza zote na mafuta yake yanapenya kadibodi hadi ukurasa wa pili. Kahawa ndiyo inayokufa mapema, badilisha kila wiki. Kitabu kikae kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, la sivyo baada ya siku chache kurasa zote zina harufu moja.

Maandishi niliyozoea kuweka: "Toco la lija. Es áspero." (msasa) "Toco la esponja. Es blando." (sifongo) "Toco el aluminio. Es frío." (alumini, baridi)

mwalimu_kijiti

Fundi, kazi safi, ila sifa lazima zifuate jinsia ya nomino. Lija na esponja ni za kike: "La lija es áspera", "La esponja es blanda". Aluminio ni ya kiume. Na joto au baridi ya kitu kwa wakati huo inaenda na "está": "El aluminio está frío." Ugumu, ukwaruzi na ulaini ni "es". Kuna mtego mmoja: "el agua" ina el lakini ni ya kike, kwa hiyo "el agua está fría". Na mkono ni "la mano", ingawa unaishia na o.

Kwa ukurasa wa karafuu, kama utauweka kwenye kitabu chake peke yake, andika "clavo de olor". "Clavo" pekee ni msumari pia.

karani_wa_vitabu

Niongeze la picha kwa anayetengeneza chake. Serikali ya Aragón, Hispania, ina hazina ya michoro ya ARASAAC, ya bure mtandaoni, na ukitafuta huelo, toco au nariz unapata mchoro mmoja safi kwa kila neno. Msanii ni Sergio Palao. Leseni yake inaruhusu kunakili na kubadilisha mradi utaje chanzo, usiuze, na kazi yako itoke kwa leseni ileile. Chapisha sentimita 4 kwa 4, bandika juu ya kila neno kwenye sentensi. Binti ataanza "kusoma" mstari mzima kabla hajajua herufi, na wewe unapata mahali pa kuweka kidole.

Kwenye el oído sikubaliani kabisa na vitufe, hata vyenye skrubu. Mtoto anabonyeza kitufe kimoja mara hamsini na hakuna anayesema neno. Chukua kitabu cha wanyama cha kawaida, sauti mzitoe ninyi. Jogoo wetu anawika kokoriko, wa kwao quiquiriquí. Mbwa guau guau, kifaranga pío pío, bata cuac cuac, chura croac, mlango toc toc. Soma kwa sauti ya juu, kisha ficha ukurasa, uliza "¿Qué oyes?" na utoe sauti. Ajibu kwa sentensi, "oigo un pato", asiishie kulia kama bata.

mama_zuwena

Nimeelewa. Kwa hiyo nachukua vya Parramón vya mitumba, cha tacto natengeneza. Swali la mwisho: vitabu vinapishana majina ya vyakula. Kimoja kina "palomitas", kingine "crispetas", picha ni ileile ya bisi. Nimfundishe lipi?

mwalimu_kijiti

Palomitas, ndiyo ya Meksiko na Hispania. Crispetas ni Kolombia, pochoclo Argentina, cabritas Chile, canchita Peru, cotufas Venezuela. Vyakula ndipo Kihispania kinapogawanyika zaidi, na vitabu vya el gusto vimejaa vyakula. Andika kwa penseli juu ya neno la kitabu lile la mwalimu wake: zumo (juisi) liwe jugo, patata (kiazi) liwe papa, melocotón (pichi) liwe durazno, cacahuete (karanga) liwe cacahuate, frutilla (stroberi) liwe fresa, poroto (haragwe) liwe frijol. Kwa ndizi na mahindi mabichi muulize mwalimu mwenyewe anatumia neno gani, maana hata ndani ya darasa moja la Texas kuna watoto wa El Salvador, Honduras na Puerto Rico, na kila nyumba ina lake.

fundi_gundi

Mwalimu, nimepokea ya áspera. Mama Zuwena, kama cha harufu kitapelekwa darasani, muulize kwanza mwalimu kuhusu watoto wenye pumu au mzio. Wakikataa, fungua pete, toa kurasa za viungo, cha tacto kiende peke yake.